Vyeti tele kabatini, mikono mitupu

Wahenga walinena kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Siku hizi naona limezuka kundi la tatu, la watu ambao hawakufunzwa na mama, wala ulimwengu haukupata nafasi ya kuwafunza, kwa sababu kila jambo dogo likiwatokea huita fundi na kumlipa. Wana shahada, wana kazi nzuri, lakini kifungo cha shati kikikatika huwa wamekwama. Shati huwekwa pembeni likingoja fundi, na hatimaye hununuliwa jingine.

Msomaji, katika makala haya sitaki kuzungumzia ufundi mkubwa wa kujenga nyumba au kutengeneza gari. Nazungumzia ile elimu ndogo ya nyumbani isiyotolewa cheti: kutia uzi kwenye sindano, kufunga fundo, kuwasha jiko, kumtuliza mtoto aliyeungua. Elimu hii inatupotea, na hasara yake si ya mashati peke yake. Mara nyingine ni ya roho za watu.

Zamani mtoto hakuambiwa, "Njoo uketi nikufundishe." Alitumwa tu. Kule pwani aliketi juu ya mbuzi akakuna nazi huku nyanya yake akimkemea asifikie kifuu. Kule bara alitumwa kumfunga ng'ombe malishoni, na ole wake akifunga fundo linalojikaza, kwa maana mnyama angejinyonga. Alipobaleghe alikuwa amekusanya maarifa mengi bila kujua kwamba alikuwa darasani.

Moshi umekwisha, hatari ingalipo

Hebu nikupe kisa kimoja. Katika mtaa ninaoishi hapa Nairobi kuna kijana msomi, mwenye adabu, aliyepanga chumba kimoja. Jioni moja ya mwezi wa Julai, baridi ikiwa kali, nilimwona akiingiza jiko la makaa ndani. Dirisha alikuwa ameliziba kwa blanketi.

"Kijana wangu," nikamwuliza, "jiko hilo walipeleka wapi?"

"Nataka kuota moto nikilala, mzee. Usiwe na wasiwasi, makaa yameiva. Moshi wote umekwisha."

Nilimwomba alitoe nje mara moja, nikamweleza sababu. Makaa yakiwa mekundu, hata bila moshi, hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kuchukua mahali pa oksijeni, na mtu aliyelala hupitiliza usingizini asiamke tena. Kijana alinyamaza, kisha akasema, "Mzee, nimesoma miaka kumi na sita na hakuna aliyewahi kuniambia jambo hili."

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Kila msimu wa baridi tunasoma habari za watu waliokutwa wamekufa vyumbani, jiko likiwa kando ya kitanda. Si wajinga hao. Ni watu ambao hawakuambiwa.

Wanaotumia gesi nao wana lao la kujua. Gesi ya kupikia kwa asili yake haina harufu kali. Ile tunayoisikia hutiwa makusudi ili ituonye. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hivyo ikivuja hukusanyika chini sakafuni. Ukiisikia, usiwashe kiberiti wala usiguse swichi ya taa. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, utoke. Na ukitaka kujua mpira unavuja wapi, upake povu la sabuni: palipo na tundu patatoa mapovu. Kipimo hicho gharama yake ni kipande cha sabuni tu.

Sukari, chumvi na maji

Chukua jambo jingine, mtoto anayeharisha. Kinachomuua haraka ni kupungukiwa na maji mwilini. Dawa ya kuyarudisha iko jikoni. Chukua lita moja ya maji safi, sukari vijiko sita vya chai vilivyosawazishwa, na chumvi nusu kijiko cha chai. Koroga, umnyweshe kidogo kidogo huku ukimpeleka hospitali. Usizidishe chumvi, kwa kuwa ikizidi huleta madhara. Pakiti za hospitali zikipatikana ni bora zaidi. Lakini usiku wa manane, mvua ikinyesha na njia imekatika, jiko lako ndilo duka la dawa.

Kule Bangladesh, kuanzia mwaka 1980, shirika la BRAC lilituma wanawake nyumba kwa nyumba kuwafundisha mamilioni ya akina mama namna ya kutengeneza maji kama hayo kwa kupima chumvi na sukari guru kwa vidole na kiganja. Maarifa hayo yakaingia katika mila za nyumbani. Kilichohitajika ni mtu wa kufundisha tu.

Je, mtu akiungua? Wengi hukimbilia dawa ya meno, unga au samli. La hasha! Mahali palipoungua pamwagiwe maji baridi ya bomba kwa muda wa dakika 20, kisha pafunikwe kwa kitambaa safi.

Na kuogelea je? Mnamo tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka kule Mtongwe, Mombasa, na watu 272 wakapoteza maisha. Sisemi kwamba kuogelea peke yake kungewaokoa wote, kwani chombo kilikuwa kimejaa kupita kiasi. Lakini inashangaza kwamba nchi yenye bahari, ziwa kubwa na mito iliyofurika kila masika ina watu wengi hivi ambao maji ya kifuani huwatia kiwewe. Asiyejua kuogelea basi ajue hili: ukimwona mtu anazama, usimrukie, kwani atakuvuta mwende pamoja. Mtupie kamba, au mtungi mtupu wa plastiki uliofungwa kifuniko.

Tumefikaje hapa?

Lawama tusiwatupie vijana peke yao. Wazazi wengi tuliwapeleka shule za bweni wakiwa wadogo, na waliporudi likizo tukawaambia wakae wasome, kazi ataifanya yaya. Shule nazo zilijaribu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, watoto walifundishwa sayansi kimu, kilimo na kazi za mikono. Baadaye masomo hayo yakaondolewa katika mtihani wa darasa la nane, na kwetu sisi lisilotahiniwa halifundishwi.

Tena tusiisifu zamani kupita kiasi. Zamani mvulana alifukuzwa jikoni akiambiwa hapo si mahali pa wanaume, na wapo wazee waliofiwa na wake zao wakashindwa hata kujipikia ugali. Msichana naye hakuruhusiwa kushika nyundo. Njaa haichagui mume wala mke, na elimu hii tukiifufua iwe ya wote.

Najua msomaji mmoja ataniuliza, "Mafundi nao watakula nini?" Mafundi wana kazi yao, na kazi kubwa tuwaachie wao. Lakini moto hautangoji fundi afike, wala mtoto anayeharisha hatangoji kuche. Ujuzi wa kwanza ni ule ulio mkononi mwa mtu aliye karibu.

Shauri langu ni rahisi. Kila mwaka watoto hupata likizo mwezi wa Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Chagua jambo moja tu kila likizo. Aprili sindano na uzi, Agosti jiko na gesi, Disemba maji ya chumvi na sukari. Mpe mtoto kazi, mwache aharibu, arudie. Mambo matatu kwa mwaka, kwa miaka kumi, ni mambo thelathini. Na nyanya akiwa bado hai, mpeleke mtoto kwake upesi, kwa maana maktaba hiyo ikifungwa haifunguliwi tena.