Upasuaji wa kupunguza uzito una tofauti gani na dayati?

Huenda hadithi hii ni yako. Mwezi Januari uliweka nia ya kupungua. Ukaacha soda na chapati, ukapunguza wali, ukawa unatembea kila jioni. Baada ya miezi mitatu mizani ilionyesha umepungua kilo nane, nguo zikaanza kupwaya na watu wakakusifia. Kisha njaa ikazidi, uzito ukagoma kushuka, na kabla mwaka haujaisha kilo zote nane zilikuwa zimerudi, pengine na mbili za nyongeza.

Sasa umesikia habari za upasuaji wa kupunguza uzito. Ndugu mmoja anakwambia hilo ndilo suluhisho, mwingine anasema ni uvivu wa mtu aliyeshindwa kufunga mdomo. Nawe unajiuliza: kama kazi ya upasuaji ni kunifanya nile kidogo, una tofauti gani na dayati ninayoweza kuifanya nyumbani bila kulazwa wala kulipa fedha nyingi?

Ni swali zuri, na ni vyema ulipatie jibu kabla hujaingia chumba cha upasuaji. Kwa kifupi, njia zote mbili zinakutaka ule kidogo. Tofauti yake kubwa ni namna kila moja inavyoigusa njaa yako.

Mwili hupambana na dayati

Unapopunguza chakula, mwili haujui kwamba unataka kushusha presha. Unachotambua ni kwamba chakula kimepungua, hivyo hujilinda kama wakati wa ukame. Mfuko wa chakula hutoa kwa wingi homoni ya njaa iitwayo grelini, homoni za shibe hupungua, na mwili huanza kutumia nishati kidogo kuliko ulivyozoea.

Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha utafiti uliohusisha watu 50 wenye uzito mkubwa waliopewa mlo wa nishati ndogo sana kwa wiki 10. Walipungua kwa wastani wa zaidi ya kilo 13. Mwaka mmoja baadaye sehemu ya uzito ilikuwa imerudi, lakini homoni zao za njaa zilikuwa bado hazijatulia, na wenyewe walieleza kuwa walihisi njaa zaidi kuliko kabla ya kuanza. Kwa hiyo kama kilo zako zilirudi, usikubali haraka kuitwa mzembe.

Hii haina maana kwamba dayati haifai. Kupungua asilimia 5 hadi 10 ya uzito, yaani kilo tano hadi tisa kwa mtu wa kilo 90, kunaweza kushusha presha na sukari. Kwa watu wengi hilo linatosha, na hawahitaji kisu.

Upasuaji hubadilisha nini?

Kuna aina mbili zinazofanyika zaidi. Katika aina ya kwanza, daktari hukata na kuondoa karibu robo tatu ya mfuko wa chakula, au zaidi, na kuacha sehemu nyembamba yenye umbo la ndizi. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotengeneza kiasi kikubwa cha grelini. Kilichokatwa hakirudishwi.

Katika aina ya pili, daktari hutenga kifuko kidogo sehemu ya juu ya mfuko wa chakula na kukiunganisha na utumbo mwembamba, ili chakula kiruke sehemu kubwa ya njia yake ya kawaida. Hapo homoni za shibe hupanda mapema kila unapokula. Kwa kawaida aina zote mbili hufanyika kupitia matundu madogo tumboni, mgonjwa akiwa amepewa dawa ya usingizi.

Matokeo yake ni kwamba unakula kidogo na kweli unashiba. Kwa wengi wenye kisukari cha aina ya pili, sukari huanza kushuka hata kabla uzito haujapungua sana. Ndiyo maana anayetumia insulini au vidonge vya kisukari lazima dozi zake ziangaliwe upya mara baada ya upasuaji, la sivyo sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

Utafiti mkubwa ulioanza Sweden mwaka 1987 uliwafuatilia watu waliofanyiwa upasuaji na wengine waliopata matibabu ya kawaida. Miaka 10 baadaye, waliounganishwa na utumbo walikuwa bado wamepungua kwa takriban asilimia 25 ya uzito wao wa awali. Wale wa matibabu ya kawaida uzito wao haukuwa umebadilika sana. Vifo pia vilikuwa vichache zaidi upande wa waliofanyiwa upasuaji.

Usichanganye upasuaji na puto, huduma ambayo hapa nchini hutolewa katika Hospitali ya Mloganzila. Puto huingizwa kwa njia ya mdomo bila kupasua na kujazwa likiwa ndani ya mfuko wa chakula. Aina nyingi huondolewa baada ya miezi sita. Likishatolewa, njaa hurudi, hivyo muda huo ni wa kujifunza kula upya.

Dayati haiishi

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanadhani wakishapasuliwa wameagana na dayati, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Wiki za mwanzo ni vyakula vya majimaji, kisha vilaini, kisha vya kawaida kwa kiasi kidogo sana. Utaanza na protini, yaani mayai, samaki, kuku au maharage, ndipo ugali upate nafasi iliyobaki. Utatafuna polepole na hutakunywa maji pamoja na chakula. Ukinywa soda au juisi yenye sukari nyingi, hasa baada ya upasuaji wa aina ya pili, moyo unaweza kwenda mbio, ukatoka jasho na kuhara.

Utatumia virutubisho maisha yako yote: vitamini B12, madini chuma, kalsiamu na vitamini D. Utapima damu mara kwa mara. Wanaoacha, kwa sababu wanajiona wazima au fedha zimekata, hujikuta na upungufu wa damu, mifupa dhaifu au ganzi ya miguu. Na uzito unaweza kurudi. Vinywaji vitamu, aiskrimu na kudonoadonoa siku nzima hupita kirahisi hata kwenye mfuko mdogo.

Zipo pia hatari za upasuaji wenyewe: kuvuja pale palipokatwa au kuunganishwa, kutokwa damu, damu kuganda kwenye mishipa, na baadaye mawe kwenye kifuko cha nyongo. Utafiti wa hospitali kadhaa za Marekani uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa takriban watu 3 kati ya 1,000 walifariki ndani ya siku 30. Ukishatoka hospitalini, homa, moyo kwenda mbio, maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, kukosa pumzi au mguu mmoja kuvimba ni sababu za kurudi siku hiyohiyo.

Nani anafaa?

Chukua uzito wako kwa kilo, gawanya kwa urefu wako kwa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huohuo. Mwenye kilo 105 na urefu wa mita 1.60 atapata 41. Kuanzia 30 huhesabiwa kuwa unene uliokithiri. Kwa miaka mingi madaktari walifikiria upasuaji kuanzia 40, au 35 kwa mwenye magonjwa kama kisukari, presha au kukatika pumzi usingizini. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2022 umeshusha kiwango hicho hadi 35 hata bila ugonjwa mwingine, na unaruhusu kufikiria kuanzia 30 kwa mwenye kisukari cha aina ya pili.

Mwenye kilo 72 na urefu huohuo wa mita 1.60 hupata 28. Huyo njia yake ni chakula, mazoezi na subira, hata kama picha za mitandaoni zinamwambia vingine.

Kama wewe ni mzazi

Mama anayefikiria upasuaji ajue kwamba uzito ukishuka, uwezo wa kushika mimba unaweza kurudi haraka. Hushauriwa kusubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya ujauzito, na vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza kutofanya kazi vizuri baada ya upasuaji wa aina ya pili. Zungumza mapema na daktari kuhusu njia nyingine.

Kama mwenye uzito mkubwa ni mtoto wako, usimnyime chakula huku wenzake wakila mbele yake, wala usimpachike majina. Badilisha sufuria ya nyumba nzima: mboga ziongezeke, soda isiingie ndani, mtoto acheze na alale mapema. Upasuaji kwa vijana wenye unene mkubwa sana upo, lakini ni uamuzi wa jopo la wataalamu baada ya uchunguzi wa kina.

Maswali ya kwenda nayo kwa daktari

Muulize: Je, uwiano wangu na magonjwa yangu vinanifikisha kwenye upasuaji? Umeshafanya upasuaji huu mara ngapi? Nikipata tatizo usiku, nampigia nani? Virutubisho na vipimo vitanigharimu kiasi gani kila mwaka, na bima yangu inalipia nini?

Kisha jiulize mwenyewe: njaa ikipunguzwa, niko tayari kula kwa utaratibu huo maisha yangu yote, hata kwenye misiba na harusi ambako kila mtu atanisukumia sahani? Kama jibu ni ndiyo na vipimo vinaruhusu, upasuaji unaweza kukupa nafasi ambayo dayati peke yake haikukupa. Kama bado una shaka, usiharakishwe. Anza na mtaalamu wa lishe, mweleze ukweli wote wa unachokula, na panga naye miezi sita ya kwanza.