Reli ya Sigi: kilomita 23 zilizotegemea gogo

Anayepanda Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, kutokea Muheza hufika Zigi kabla barabara haijaanza kujinyonganyonga mlimani. Hapo, kwenye lango la hifadhi ya Amani, ipo nyumba ya zamani ambamo wageni hupewa maelezo ya msitu. Haikujengwa kwa ajili ya watalii. Alikaa humo mkuu wa stesheni, enzi ambazo Wajerumani waliandika jina la Mto Zigi kama Sigi na treni ndogo ya kubeba mbao iliishia hapo.

Leo msitu umekula njia ya treni hiyo, lakini hesabu zake bado zina mafunzo kwa yeyote anayefikiria kuweka miundombinu kwa ajili ya zao moja.

Mwaka 1893 utandikaji wa reli ulianza katika bandari ya Tanga, kwa matumaini ya kahawa ya Usambara. Kampuni iliyoshika kazi hiyo ilifika Muheza mwaka 1896, kiasi cha kilomita 40, ikaishiwa fedha. Mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikaichukua njia na kuisukuma mbele: Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Ilipita tambarare, ikaiacha milima upande. Mali ya juu ikabaki na swali lake: itashushwaje? Mpagazi hubeba gunia. Gogo la mvule halibebeki.

Kampuni ya mbao ya Kijerumani ilijibu kwa kujenga reli yake yenyewe. Ujenzi ulianza 1904, ukakamilika 1910. Njia ilichepuka kwenye reli kuu pale Tengeni, jirani na Muheza, ikapanda hadi Sigi, kilomita 23. Upana wake ulikuwa sentimita 75, ilhali reli kuu ilikuwa na mita moja.

Rahisi kujenga, ghali kuendesha

Mlimani, reli nyembamba ina mantiki yake. Hukata kona kali zaidi, tuta lake ni dogo, madaraja yake ni mepesi, na mtaji wa kuanzia hupungua. Ila behewa la sentimita 75 haliwezi kuingia kwenye njia ya mita moja. Kila gogo lililofika Tengeni ilibidi lishushwe na kupakiwa upya ndipo lielekee Tanga. Fedha iliyookolewa wakati wa kujenga ilianza kulipwa kidogo kidogo, siku hadi siku, kwa jasho la wapakiaji.

Tatizo la pili lilikuwa la safari ya kurudi. Mzigo wa biashara ulikuwa wa kushuka. Kupanda kulikuwa na vifaa, vyakula na watu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, kilichoanzishwa 1902. Haba mno kulisha reli.

Tatizo la tatu lilikuwa msitu wenyewe. Treni inataka tani nyingi, kila wiki, za kitu kile kile. Msitu wa mvua una miti ya kila namna iliyochanganyika, na ule wenye soko husimama mmoja hapa, mwingine kule. Iliyo karibu na njia huisha kwanza. Baada ya hapo kila gogo linatoka mbali zaidi ya lililotangulia, na gharama ya kulifikisha kwenye behewa inapanda.

Na wakati mataruma yakilazwa, fedha ilikuwa inahama mlimani. Kahawa ya Usambara Mashariki ilishindwa, kwani udongo uliofunikwa na msitu mnene haukuwa na rutuba iliyodhaniwa. Mkonge, ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ulistawi tambarare, kandokando ya reli kuu. Mpira nao ulipandwa kwa pupa hadi bei yake ilipoporomoka mwaka 1913. Kati ya mazao hayo mawili, hakuna lililohitaji treni ya kupanda Sigi.

Usambara Magharibi, kampuni ya Wilkins & Wiese ilichagua njia nyingine: kamba ya chuma iliyoning'inia, urefu wa kilomita tisa hivi, ikishusha mbao za mwangati kutoka Shume hadi stesheni ya Mkumbara. Nayo ilitegemea mti mmoja na kampuni moja.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Wajerumani walikuwa wamepoteza koloni, na hatimaye reli ya Sigi nayo ilikufa.

Urithi wake

Biashara ya magogo haikufa na reli. Ilirudi kwa malori, na miaka ya 1970 na 1980 uvunaji wa mashine ulipanuka kwa msaada wa Finland, hadi malalamiko ya wanasayansi na wahifadhi yalipochangia kuusimamisha. Mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, yenye hekta 8,380.

Mlima sasa unauza vitu vyepesi: chai, iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga. Vijiji vingine viliingia kwenye ufugaji wa vipepeo na kuuza mabuu yaliyojifunga kwa maonyesho ya nje ya nchi. Hiyo ni kinyume kabisa cha gogo: boksi dogo, thamani kubwa, usafiri wa pikipiki. Lakini mwaka 2016 serikali ilipozuia kupeleka wanyamapori hai nje, wafugaji hao walijikuta pale pale walipokwama wenye reli. Walikuwa na bidhaa moja na mlango mmoja wa kutokea, na mlango ulipofungwa hawakuwa na pengine pa kupita. Wepesi wa mzigo haukuwaokoa.

Kwa hiyo mkulima anayechanganya iliki, karafuu na migomba kwenye shamba moja ana akili ya biashara ambayo kampuni ya mbao haikuwa nayo. Bei ya kimoja ikianguka, kingine kinalipa ada ya shule.

Mali kubwa zaidi ya mlima huo haijawahi kuhitaji behewa. Mto Zigi hushuka wenyewe hadi bwawa la Mabayani, na maji ya bwawa hilo ndiyo yanayonywewa Tanga mjini. Nauli yake hulipwa juu, na mkulima anayeacha kulima ukingo wa mto na kijiji kinachoacha miti isimame. Wakulima wa bonde hilo wameunda umoja wao, UWAMAKIZI, kulinda vyanzo vya mito ya Kihuhwi na Zigi. Ankara ya maji husomwa mjini. Swali la kibiashara lililobaki ni kiasi gani cha fedha hiyo kipande mlima kurudi, ili safari hii wa juu wasiachiwe behewa tupu.