Bosi akisema atakulipia karo, muulize atailipa lini

Tangazo limebandikwa karibu na mlango wa kantini: kampuni imeingia makubaliano na chuo fulani, na wafanyakazi wanaotaka kusoma jioni au wikendi watasaidiwa karo. Watu wanapiga picha, wanatuma kwa grupu ya WhatsApp. Kufikia saa kumi kuna mtu ashauliza: kwani ni bure kabisa?

Jibu liko kwenye neno moja, na mara nyingi halijaandikwa pale kwenye tangazo. Kulipiwa karo na kurudishiwa karo ni vitu viwili tofauti. Ukilipiwa, mwajiri anatuma pesa chuoni na wewe unaingia darasani. Ukirudishiwa, wewe ndiye unatafuta pesa kwanza, unasoma muhula mzima, unangoja matokeo, unapeleka risiti kwa HR, kisha unangoja tena mshahara wa mwezi unaofuata.

Tupige hesabu. Tuseme unafanya kazi kwa godauni, mshahara wa mkononi ni Sh24,000 na karo ya muhula ni Sh36,000. Akiba yako ni Sh16,000, kwa hivyo unakopa Sh20,000 kwa simu, mkopo wa siku 30 wenye ada ya asilimia 7.5. Ada hiyo ni Sh1,500. Mwezi ukiisha huna ya kulipa mkopo wote, unaufufua tena, na tena. Ikichukua miezi mitano kabla HR hajarudisha pesa, ushalipa Sh7,500 za ada peke yake. Mwajiri atakurudishia Sh36,000 kama alivyoahidi, na kwenye vitabu vyake mambo ni sawa. Zile Sh7,500 hazimo kwenye risiti yoyote ya chuo, na hakuna wa kukurudishia.

Hata kampuni kubwa zilianzia hapo. Mwaka 2014 Starbucks, wauzaji wa kahawa kule Marekani, walishirikiana na Arizona State University ili wafanyakazi wasomee digrii kupitia intaneti. Mwanzoni karo kamili ilikuwa ya miaka miwili ya mwisho tu, na 2015 ikafunguliwa kwa miaka yote minne. Lakini mfanyakazi alikuwa anatanguliza pesa halafu anarudishiwa. Kwa mtu anayelipwa kwa saa, hilo pengo lazima lizibwe na mkopo au akiba. Baadaye utaratibu ukabadilishwa, karo ikawa inalipwa mwanzoni. Walmart nao walianza mpango wao 2018 wakitoza mfanyakazi dola moja kwa siku, na 2021 wakaifuta hata hiyo dola. Hao ni matajiri wa dunia, najua, lakini ukiomba HR alipe mwanzoni hujaomba kitu cha ajabu.

Hapa kwetu kuna jambo ambalo wafanyakazi wengi hawalijui. Waajiri hutozwa ushuru wa mafunzo unaokwenda kwa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani: Sh50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi. Hiyo inatoka kwa mwajiri, haifai kukatwa kwa mshahara wako. Kampuni ya watu 200 inalipa Sh120,000 kwa mwaka. Mwajiri anayelipa ushuru huo anaweza kuomba NITA imrudishie gharama za kufundisha wafanyakazi wake, bora mafunzo yahusu kazi, mtoa mafunzo awe amesajiliwa na NITA, na idhini iombwe kabla masomo hayajaanza. Sasa ona: kama kuna wa kusubiri kurudishiwa, kampuni ina pumzi ya kusubiri kuliko wewe. Peleka hoja hiyo kwa HR kwa upole, ukiwa na wenzako wawili watatu.

Na kama wewe ni fundi wa miaka mingi bila cheti, usikimbilie diploma kwanza. NITA hutahini mafundi kwa madaraja, kuanzia la tatu hadi la kwanza, na muhula mmoja wa diploma unaweza kukugharimu zaidi ya mtihani huo. Ni ombi rahisi zaidi kwa bosi.

Halafu kuna kile wanachoita bondi: umesomeshwa, unaahidi kubaki kazini mwaka mmoja au miwili, ukiondoka unarudisha karo. Starbucks hawakuwafunga watu hivyo. Hapa utakutana nayo sana, na si lazima iwe mbaya. Soma kama deni linapungua kadiri unavyokaa. Ukiondoka baada ya miezi 18 kati ya 24, kulipa robo ni haki, kulipa yote ni kuonewa. Soma pia kinachotokea ukiachishwa kazi na kampuni yenyewe, maana hapo hujaondoka kwa hiari. Na kama karo inakatwa kwa mshahara kidogokidogo, Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Hesabu na mkopo wa sacco humo ndani.

Yote yakikubalika, bado kuna siku ya kulipa. Ukilipa mwenyewe, tumia Paybill ya chuo kutoka kwa barua ya kujiunga, si namba ya simu ya mtu anayejiita ajenti wa usajili. Kwenye akaunti weka namba yako ya usajili chuoni, tarakimu kwa tarakimu, na usome jina la mpokeaji linapotokea. SMS ya muamala inaonyesha pesa ilitoka kwako. Haionyeshi kwamba chuo kimeiandika kwa jina lako, ndiyo maana HR wengi wanataka risiti ya chuo. Chukua zote mbili, na usifute ile SMS hata simu ikijaa.

Mwajiri naye akilipa, mara nyingi anatuma pesa ya watu kumi na tano kwa mkupuo. Idara ya fedha ya chuo isipopata orodha ya majina na namba za usajili, pesa inakaa tu pale, na wewe unanyimwa kadi ya mtihani ukiambiwa una salio. Muombe HR nakala ya orodha aliyotuma, kisha wiki ya pili ya muhula ingia kwenye akaunti yako ya mwanafunzi uangalie salio. Wakati huo kurekebisha ni simu moja tu. Wiki ya mtihani utapiga foleni na nusu ya chuo.