Kamera Kubwa: Chagua kwa Kazi, si kwa Fahari

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Lakini katika kamera kubwa, ile ya kusimamishwa juu ya miguu mitatu na mpigaji akajifunika kitambaa cheusi, asiyechagua hupata hasara mbili: ya mfuko na ya mgongo.

Huenda msomaji akauliza, kamera hiyo ni ya nini zama hizi za simu? Jawabu liko Unguja. Tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka wa 1883, iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafariki. Jengo likishaanguka, fundi atakayelirudisha hutaka kuona kila nguzo na kila nakshi ilivyokuwa. Filamu ya inchi 4 kwa 5 ina eneo zaidi ya mara 13 ya ile ndogo ya milimita 35. Ndiyo maana picha yake yaweza kukuzwa ukutani, na nakshi zisipotee.

Basi jiulize kwanza: nataka kupiga nini? Tuseme ni misikiti na nyumba za mawe za Lamu, au Mji wa Kale wa Mombasa. Ukiinua kamera ya kawaida uupate mnara, kuta huinamiana kama zinazotaka kuanguka. Kamera kubwa hutibu jambo hilo. Sehemu ya nyuma yenye filamu husimama wima kwa pimamaji, na lenzi peke yake hupandishwa juu. Kwa hiyo, kabla ya kununua, tazama lenzi inapanda kiasi gani, na kama mwanga wake unaenea kuzidi ukubwa wa filamu. Usipoenea, pembe za picha zitatoka nyeusi.

Jambo la pili ni ule mkunjo wa katikati, unaovutika kama kodiani ya taarabu. Vichochoro vyetu ni vyembamba, huna pa kurudi nyuma. Utahitaji lenzi pana, kama ya milimita 90, na mkunjo lazima ukubali kubanwa sana bila kuizuia lenzi kupanda. Lakini ukitaka ua moja la nakshi ya mlango litoke kwa ukubwa wake halisi, mkunjo sharti uvutike mara mbili ya urefu wa lenzi: lenzi ya milimita 150 itataka milimita 300. Kamera isiyofika hapo haikufai kwa kazi hiyo, hata ing'ae vipi.

La tatu ni ukubwa. Filamu ya inchi 8 kwa 10 ni mara nne ya 4 kwa 5, na gharama nayo hupanda. Kamera za Deardorff za kipimo hicho, zilizotengenezwa Chicago, zina uzito wa zaidi ya kilo tano kabla ya lenzi na miguu. Intrepid ya 4 kwa 5, iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka wa 2014, ni kilo moja na kitu. Anayetembea kwa miguu toka Lamu hadi Shela ajue atakachokibeba.

Mbao ni nyepesi. Chuma, kama Linhof Technika ya Ujerumani, ni kigumu na kizito. Vyote viwili hudhuriwa na hewa ya bahari: chumvi hula skrubu, na kuvu huota ndani ya lenzi iliyofungiwa mahali penye unyevu. Pangusa chombo kila urudipo, na lenzi ikae pakavu penye hewa.

Mwisho, kamera hii haina wizi wa picha. Mpaka uisimamishe, upime mwanga na uingize filamu, mwenye nyumba amekwisha kukuona. Piga hodi, omba ruhusa, ungoja watu wa nyumbani wajisitiri. Kwa mtu wa pwani, huo si usumbufu, ni adabu.

Chagua basi kwa kazi uliyo nayo, na uianze mapema. Kuta za chokaa hazingoji.