Wanamichezo wa Kike Vyuoni Wana Njia Nne za Ajira Baada ya Uwanja

Msichana wa Tinde, mkoani Shinyanga, anayecheza netiboli, mpira wa miguu au riadha katika timu ya chuo anapaswa kutambua mapema kuwa medali pekee haimpatii ajira. Miaka ya kucheza katika kiwango cha juu ni michache, na jeraha la goti laweza kuipunguza zaidi. Hivyo, maandalizi ya kazi huanza angali uwanjani.

Njia ya kwanza ni taaluma ya michezo. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kilichopo wilayani Kwimba, mkoani Mwanza, hutoa mafunzo ya elimu ya michezo, utawala wa michezo na ukocha. Mahitaji ya wataalamu hao yameongezeka tangu Januari 2024, mitaala iliyoboreshwa ilipoanza kutumika, kwa kuwa michezo ni miongoni mwa fani za mkondo wa amali katika shule za sekondari.

Njia ya pili ni uamuzi. Jonesia Rukyaa, mwamuzi mwenye beji ya FIFA, amechezesha mechi ya watani wa jadi Simba na Yanga. Mfano wake unaonesha kuwa mwanamke anayezijua sheria za mchezo anaweza kuaminiwa katika mechi kubwa kabisa nchini.

Njia ya tatu ni vyombo vya ulinzi na usalama, ambavyo humiliki timu. JKT Queens ilishiriki Ligi ya Mabingwa Afrika kwa Wanawake mwaka 2023. Mwaka huo huo Magdalena Shauri, askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, alishika nafasi ya tatu katika Berlin Marathon. Hata hivyo, kipaji hakifuti sifa nyingine: mwombaji hupimwa kwa vigezo vilivyotangazwa, ikiwemo elimu. Anayeacha masomo ili acheze hujifungia mlango huo mwenyewe.

Njia ya nne ni kujiajiri, kwa mfano kwa kuanzisha kituo cha mazoezi au duka la vifaa vya michezo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Waombaji hujiunga katika vikundi na kuanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Mwanamichezo anashauriwa kutunza vyeti vya masomo, vya kozi fupi na vya mashindano, na kufuatilia nafasi za utumishi wa umma kupitia mfumo wa Ajira Portal wa Sekretarieti ya Ajira. Maombi hayo hayalipiwi. Anayedai fedha ili kumtafutia mtu nafasi ni tapeli na aripotiwe.

Wazazi na walezi nao wanahimizwa kutowalazimisha mabinti kuchagua kati ya daftari na uwanja, kwani katika njia zote nne vyote viwili vinahitajika.