Sola ya Maji Moto katika Nyumba Inayofunguliwa Krismasi



Familia nyingi zenye asili ya Kilimanjaro zina nyumba mlimani ambayo hujaa watu Desemba, kisha hubaki na mlinzi tu hadi Pasaka. Baadhi zimefungwa sola ya maji moto juu ya paa. Jua hupasha maji bure, lakini ndani ya tangi mara nyingi kuna pia hita ya umeme ya kusaidia siku za mawingu. Hiyo ndiyo inayokula uniti za LUKU wakati hakuna anayeoga.

Hita huongozwa na themostati, nayo haijui kama nyumba ina watu. Maji yakipoa usiku, inawaka. Yakifika kiwango, inajizima. Kesho vivyo hivyo. Jua linapochomoza linakuta tangi limeshajaa joto la kununua.

Tumezoea kusikia kwamba kuizima ni hasara, eti kupasha upya kunakula umeme mwingi zaidi. Sisi tunaosoma mantiki tunaiona hoja hii kuwa na sauti kubwa kuliko ukweli wake. Tangi hupoteza joto zaidi kadiri linavyozidi hewa ya nje kwa joto. Likipoa, upotevu nao hupungua. Kupasha lita 200 kutoka nyuzi 20 hadi 60 huhitaji takriban uniti 9.3, kazi ya saa tatu hivi kwa hita ya kilowati 3. Ya nini basi kuiacha ikiwaka miezi kumi na moja?

Mkifunga nyumba, zimeni swichi ya hita. Siku ya kurudi liacheni jua lifanye kazi hadi jioni, kisha washeni kufidia upungufu. Watu wakishaoga asubuhi msiiwashe tena. Tangi la baridi ndilo linalopokea jua vizuri.

Kuna mahali ambapo hatushauri kubana uniti hata kidogo. Maji yaliyokaa vuguvugu, kati ya nyuzi 20 na 45, huweza kuzalisha bakteria wa Legionella. Mtu huwavuta pamoja na matone madogo sana ya maji yanayorushwa bafuni, wakamletea homa kali ya mapafu, hasa wazee na wavutaji sigara. Kwa hiyo, kabla babu hajaoga, tangi lote lifike nyuzi 60, kisha mabomba ya maji moto yafunguliwe dakika chache, madirisha yakiwa wazi na watu wakiwa nje ya bafu. Maji hayo huunguza, hivyo yachanganywe na ya baridi.

Wakati wa kiangazi, tangi lisilotumiwa huweza kuchemka kwa jua peke yake. Fundi afunike paneli kwa turubai, na vali ya usalama inayodondosha maji isizibwe.