Kuzeeka kwa OpenGL katika macOS na Mikakati ya Wasanidi Programu

Mwezi Juni 2018, kampuni ya Apple ilitangaza kwamba kuanzia macOS 10.14, OpenGL ingehesabiwa kuwa teknolojia iliyopitwa na wakati, na ikawahimiza wasanidi programu kuhamia Metal, kiolesura cha michoro cha kampuni hiyo yenyewe. Tangazo hilo halikuvunja programu yoyote siku hiyo. Ugumu umo papo hapo: teknolojia iliyotangazwa kuwa imepitwa na wakati bado haijaondolewa, na kati ya hatua hizo mbili pana muda ambao mwenye mfumo endeshi peke yake ndiye anayeamua urefu wake.

OpenGL ilizaliwa mwaka 1992 katika kampuni ya Silicon Graphics ya Marekani. Kupitia kwayo, programu hutoa maagizo ya kuchora, na kadi ya michoro huyatekeleza. Fadhila yake kubwa ni kwamba maagizo yaleyale yalieleweka katika Windows, Linux na Mac; ndiyo maana programu nyingi za kisayansi, za usanifu na za michezo ziliitegemea. Katika Mac, hata hivyo, ilisimama kwenye toleo la 4.1 tangu mwaka 2013, ilhali kwingineko ilifikia 4.6 mwaka 2017. Tangazo la 2018 lilitamka tu yale ambayo vitendo vilikuwa vimekwisha kuyasema.

Mkakati wa kwanza, unaodharauliwa pasipo haki, ni kunyamaza. Apple yenyewe ilitoa neno, GL_SILENCE_DEPRECATION, ambalo likiwekwa katika msimbo huzima maonyo yote. Kikundi kidogo kilichofanya hivyo na kuendelea na kazi zake hakikukosea, kwa kuwa OpenGL iliendelea kufanya kazi hata katika kompyuta zenye vichakataji vya Apple vilivyoanza kuuzwa mwaka 2020. Gharama yake huonekana kasoro inapozuka ndani ya mfumo: msanidi hana wa kumtarajia airekebishe, hivyo hulazimika kuizunguka.

Mkakati wa pili ni kuweka mkalimani katikati. MoltenVK, iliyofanywa kuwa programu huria mwezi Februari 2018, hupokea maagizo ya Vulkan na kuyageuza kuwa ya Metal. Mchezo wa Dota 2 wa kampuni ya Valve uliitumia. ANGLE ya Google hufanya kazi kama hiyo kwa OpenGL ES, lakini haisaidii programu iliyoandikwa kwa OpenGL kamili ya kompyuta za mezani. Ukalimani huu si wa neno kwa neno. Katika OpenGL, kina cha picha hupimwa kwa kawaida kutoka -1 hadi 1. Katika Metal hupimwa kutoka 0 hadi 1. Sheda, yaani programu ndogo zinazoamua umbo na rangi ya kila kinachochorwa, huandikwa kwa lugha tofauti. Tena aina moja ya sheda, ile inayozalisha maumbo mapya wakati wa kuchora, haimo kabisa katika Metal, na aliyeitumia hana budi kufikiria upya hesabu zake.

Mkakati wa tatu ni kuandika upya sehemu ya michoro, hasa kwa kujenga tabaka la ndani ambalo chini yake kiolesura kimoja kinaweza kubadilishwa na kingine. Qt 6, iliyotolewa mwaka 2020, ilifuata njia hiyo. Blender nayo ilianza kutumia Metal kuchora madirisha yake katika toleo la 3.5, mwaka 2023. Njia hii ndiyo imara kuliko zote, ila isisahaulike kwamba Blender ilisaidiwa na Apple yenyewe, iliyojiunga na mfuko wa kuiendeleza mwaka 2021. Programu ya hesabu za kemia inayotunzwa na mtu mmoja nyakati za usiku haipati wageni wa namna hiyo.

Wanaotaka kujua muda huo wa kungoja huishaje wanaweza kutazama macOS 10.15 ya mwaka 2019, iliyokataa kabisa kufungua programu za biti 32. Waliokuwa na msimbo asilia waliurekebisha. Wale ambao waandishi wa programu zao walikuwa wamekwisha kutawanyika walibaki kutunza kompyuta kuukuu, wakijihadhari wasiisasishe.